Kula Nje Lamu Bila Kurudi na Kinyongo: Mwongozo wa Mwenye Kulipa Bili

Bili ilikuja imekunjwa mara mbili, ikafichwa chini ya kibakuli cha vijiti vya meno. Nikaikunjua: shilingi 7,308. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, kijana wetu, mama, na khaloo, dada yake mama, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Tulikuwa tumekula samaki mmoja wa kupaka, sahani nne za wali wa nazi, sahani moja ya viazi karai, na gilasi tano za juisi. Chakula tulikingoja saa moja na dakika arobaini. Samaki akaja mkavu, tui limemgandia mgongoni kama chokaa ya ukuta. Juisi ya ukwaju ilikuwa barafu iliyoonyeshwa ukwaju kwa mbali.

Mhudumu alipouliza, "Chakula kilikuwaje?" khaloo, mtu wa adabu zake, akajibu, "Mashaallah, kizuri sana." Tukarudi nyumbani. Kabla hajavua buibui alikuwa ameshaanza: samaki gani yule, na ule wali una mawe, na bei ile ni ya arusi au ya chakula cha mchana?

Huu ndio ugonjwa wetu. Mezani kila kitu kizuri, ukweli unasemwa barazani. Na sababu inaeleweka, kwani mji ni mdogo. Mhudumu ni mtoto wa jirani, mwenye hoteli mnasimama safu moja msikitini, na kesho lazima mtapigana mabega Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambako punda mmoja mwenye mzigo anatosha kuziba njia. Nani atake ugomvi kwa ajili ya samaki? Basi hapa naandika namna ya kupata haki ya pesa yako bila ugomvi. Jina la hoteli ile silitaji. Mambo haya nimeyaona kwingi, na siku nyingine hoteli ile ile imenilisha vizuri.

1. Piga simu asubuhi

Nusu ya malalamiko yote ya kula nje Lamu humalizwa kabla hujavaa viatu. Hoteli zetu nyingi ni ndogo na hupika kilichopatikana siku ile. Menyu inaweza kuwa na vyakula arobaini, lakini jikoni vipo sita. Ukiingia na orodha yako kichwani utasikia "hiyo imekwisha" mara tatu mfululizo, na cha nne utakiagiza kwa hasira.

Kufika saa tatu au saa nne asubuhi mwenye hoteli keshajua ana nini. Mpigie, umsalimu, umuulize mambo matatu: leo kuna samaki gani, mpishi yupo, na nikija saa saba na nusu nitakikuta tayari? Hilo la mpishi watu hawaliulizi, nami nalitilia mkazo kwa sababu utakayoiona huko mwisho.

Ujue pia majira. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na samaki mkubwa hupungua na kupanda bei. Hapo usimlaumu mwenye hoteli. Pweza naye ana kalenda yake. Huokotwa miambani maji yakitoka sana, yaani wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Ukimtaka wakati wa maji mafu, yaelekea utaletewa wa kwenye friji. Wala hilo si kosa, kwani kugandishwa humlainisha pweza. Anayekushinda kutafuna mara nyingi ni yule mbichi ambaye hakupondwa wala kuchemshwa vya kutosha.

Na kabla ya kusema "Lamu ghali," kumbuka safari ya nyanya. Imepanda lori mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, ikashushwa, ikapanda boti, ikashushwa tena, ikapanda mkokoteni au punda. Kila aliyeigusa amelipwa. Kachumbari ikizidi ya Mombasa kwa shilingi kadhaa, nyamaza. Samaki je? Huyo ni wa hapa hapa, hakupanda lori. Kwake ndiko ufungue macho.

2. Samaki: mwone, mpime, mtajiwe bei

Menyu nyingi zina bei ya wali, ya chai, hata ya chapati moja moja, halafu ukifika kwa samaki mzima au kambakochi unakuta maneno "kulingana na ukubwa". Ukubwa wa nani? Nionavyo mimi, mara nyingi ni ukubwa wa mfuko unaodhaniwa unao. Siku ile sisi hatukuuliza. Nilikisia elfu mbili, bili ikasema 3,500. Ubishi haukuwa na maana tena, samaki alikuwa miiba mitupu.

Kwa hivyo sema hivi, kwa upole, ukiwa umeketi na hata maji hujaletewa: "Kaka, nataka kumwona samaki kabla hajawekwa motoni." Hakuna hoteli yenye samaki mzuri inayoona haya kukuonyesha. Akija, mtazame. Macho yawe yametuna na yang'ae, yasiwe yamezama yakawa meupe. Fungua shavu, matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Bonyeza mgongo kwa kidole: nyama ikirudi juu, vizuri, shimo likibaki, mshukuru na uagize kuku. Na umnuse. Samaki mbichi ananuka bahari. Akikupiga na harufu kali inayochoma pua, amelala siku nyingi.

Kisha bei. Ikiwa ni kwa kilo, uliza: kilo ya samaki mzima au ya aliyekwisha safishwa? Tofauti si ndogo, kwa sababu magamba, matumbo na matamvua yote yana uzito, na motoni samaki hupoteza maji zaidi. Mwombe ampime mbele yako. Kama mizani hakuna, na kwingi hakuna, mkubaliane bei ya samaki yule mzima mzima: "Huyu, akija mezani na upaka wake, ni shilingi ngapi?" Akitaja, rudia kwa sauti ili mwenzako mezani asikie. Mimi siku hizi humpiga picha kwa simu. Kijana wangu hunicheka, anasema baba anampiga samaki picha ya kitambulisho. Acheke. Picha hiyo imewahi kuniokoa nilipoagiza tewa nikaletewa changu mdogo wa kukaanga.

Kwa wageni kutoka bara, neno moja la ziada. Ukipelekwa hotelini na kijana uliyekutana naye pwani au kwenye gati, fungu lake limo ndani ya bei ya samaki wako. Si haramu, naye anatafuta riziki, lakini ujue unalipa watu wawili. Na yule anayekualika chakula cha jioni "nyumbani" au kwenye mashua kisha akataka pesa ya kununulia vitu kwanza, mwambie utalipa ukishakula. Akikataa, umepata jibu.

3. Fanya hesabu ya saa

Hapa watu huwa na dhuluma, hasa wanaotoka Nairobi. Samaki wa kupaka wa haki haji kwa robo saa. Makaa yawashwe, yatulie. Samaki achomwe nusu. Nazi ikunwe, tui likamuliwe, likolezwe viungo na ndimu au ukwaju, lipikwe hadi liwe zito. Halafu apakwe, ageuzwe, apakwe tena, na tui linywee nyamani. Samaki wa kilo moja na zaidi, ukiagiza bila kupiga simu, saa nzima ni sawa kabisa. Akikufikia baada ya dakika kumi na tano, ndipo uwe na wasiwasi: huyo alichomwa jana, leo amepashwa moto tu.

Uliza mwanzo: "Itachukua muda gani?" Muda uliotajwa ukipita kwa dakika kumi, usihesabu. Ukipita kwa nusu saa, muite mhudumu umuulize imefikia wapi. Kama bado hakijawekwa motoni, una haki ya kufuta oda na kulipia ulichokunywa tu. Kosa letu sisi lilikuwa kungoja kimya huku tukila viazi karai na kumfukuza paka. (Paka wa Lamu usimlalamikie kwa mtu yeyote. Yeye ndiye mwenyeji.)

Ijumaa wakati wa swala, jiko linalala. Mwezi wa Ramadhani, chakula cha mchana kisahau, mji unakula usiku.

4. Sema wakati samaki angali sahanini

Kama utabaki na hatua moja tu ya mwongozo huu, basi iwe hii. Lalamiko lina wakati wake, nao ni baada ya matonge mawili matatu. Ukimaliza sahani kisha ukasema chakula kibaya, mwenye hoteli atakuangalia, ataangalia sahani, na atakuwa na haki. Sisi juu ya samaki yule mkavu hatukupata hata senti, kwa sababu tulimmaliza, tukalamba na vidole, ndipo tukakumbuka kukasirika.

Weka kijiko. Usiite kwa kupiga makofi wala kwa "wee!". Akija, zungumza kwa sauti ya chini, au simama mwende pembeni. Wageni wa meza nyingine hawana haja ya kusikia, naye akifedheheka mbele ya watu hawezi tena kukusaidia, atajitetea tu. Sema kitu chenyewe, usimseme mtu. "Samaki amekauka, hebu mtazame hapa" ni maneno ya kazi. "Nyinyi hamjui kupika" ni maneno ya vita. Kisha, na hili husahaulika, sema unataka nini. Kuna mambo matatu tu: kirekebishwe, kibadilishwe, au kiondolewe kwenye bili. Mwenye kulalamika bila kutaja anachotaka anaambulia "pole" na tabasamu.

Mama yangu siku ile ndiye aliyetutoa aibu. Alimwita kijana mhudumu:

"Mwanangu, njoo. Hii ni juisi ya nini?"

"Ya ukwaju, bi."

"Onja."

Kijana akacheka kwa haya. "Barafu imezidi, bi."

"Basi mimi na dada yangu hatukuzigusa, hizi hapa. Zirudishe, na usituandikie."

Hakupandisha sauti, na hakuna aliyegeuka kutazama. Juisi mbili zikatoka kwenye bili.

Kijana akisema hana uwezo, mwamini. Mara nyingi kweli hana, na pengine kitakatwa kwenye mshahara wake. Uliza kwa adabu kama mwenye hoteli au msimamizi yupo. Akiwa ni mtu mzima kuliko wewe, anza kwa salamu kamili na umuulize hali: "Asalaam aleikum, ami. Hujambo? Nina neno dogo." Unayemsalimia vizuri hukusikiliza vizuri. Akikupa suluhu, ipokee hapo hapo na umshukuru. Usianze kukumbusha na la mwaka jana.

Viko pia vya kuachia. Changu ana miiba, ndivyo alivyoumbwa. Pilipili uliyoonywa, wali uliopoa ukizungumza na simu, feni iliyosimama kwa sababu stima imepotea mji mzima: hayo si ya kudai.

5. Soma bili kama unavyosoma mkataba

Bili ile ya 7,308 ilikuwa hivi. Samaki 3,500, wali 1,000, juisi 1,000, viazi 300. Jumla 5,800. Chini yake "huduma asilimia 10", 580. Chini yake tena "VAT asilimia 16", 928.

Tuanze na VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kenya kiwango cha kawaida ni asilimia 16, na kwa kawaida huwa kimo tayari ndani ya bei iliyoandikwa kwenye menyu: chakula cha shilingi 1,160 kina 160 za serikali ndani yake. Tena, biashara ambayo mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa kodi hiyo, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuitoza. Kwa hivyo ukiona VAT imeongezwa juu kwa kalamu, uliza mambo mawili bila ukali: menyu ilisema bei haina kodi? Na risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, ninaweza kupata? Aliyesajiliwa ataitoa, ina namba ya PIN ya mlipa kodi na alama ya mraba ya kusomwa kwa simu. Sisi tuliuliza swali hilo la pili tu. Kijana akaenda ndani, akarudi na bili nyingine ambayo ile 928 imeyeyuka.

Ada ya huduma ni jambo jingine. Hoteli inaweza kuitoza ikiwa imekujulisha mapema, kwenye menyu au ukutani. Ikitokea kwenye bili kwa mara ya kwanza, ikatae kwa upole, au uilipe na usitoe bakshishi. Kuna pia tozo ya utalii ya asilimia 2 kwenye hoteli na mikahawa inayohusika, hiyo ni halali. Hakikisha tu haikuhesabiwa mara mbili.

Kisha hesabu vitu vyenyewe kimoja kimoja. Chapati ambayo haikuja na chupa ya maji ya meza ya jirani hupenda kuhamia kwenye bili za familia kubwa.

Haya yote si fadhila unayoomba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo, na kuna sheria ya kumlinda mteja ya mwaka 2012. Lakini ushauri wangu: usiitaje Katiba mezani. Ukitaja Katiba juu ya wali wa nazi, utachekwa mpaka Shela. Ijue tu, ikupe utulivu wa sauti.

6. Kulipa

Ukilipa kwa M-Pesa, tumia namba ya tili iliyobandikwa, na kabla ya kuthibitisha malipo soma jina linalotokea. Likiwa jina la mtu binafsi usiyemjua, uliza. Kulipa kwa tili hakukukati ada. Ujumbe uuhifadhi, ndio ushahidi wa siku, saa na kiasi. Bakshishi mpe kijana mkononi kama alikutumikia vizuri, hata kama chakula kilikuwa kibaya, maana si yeye aliyepika.

Ile 928 ikiwa imeondoka, pamoja na juisi mbili za shilingi 200 kila moja, sisi tulitoka kwa 5,980.

7. Tumbo likichafuka

Hapa adabu ya barazani haifai tena. Kuna jambo wavuvi wanalijua na wengi wetu hatulijui: jodari, nguru na jamaa zao wakikaa juani bila barafu hufanya sumu inayoitwa histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Uso unakuwa mwekundu na wa moto, kichwa kinagonga, mwili unawasha, pengine na kutapika. Huanza baada ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Watu husema "nina mzio wa samaki" na kumbe samaki ndiye aliyekuwa na kosa. Nenda hospitali, na kama pumzi inabana usingoje hata dakika. Mweleze daktari ulikula samaki gani na saa ngapi.

Halafu toa habari kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuingia jikoni, kukagua, na kutazama vyeti vya afya vya wanaoshika chakula, ambavyo hupimiwa upya kila miezi sita. Mabaki ya chakula, kama unayo, yafunge uyaweke kwenye barafu. Na umwambie mwenye hoteli siku ile ile, kwa sababu samaki yule yule huenda anauzwa jioni.

8. Kesho yake

Utamkuta. Mimi nilimkuta yule kijana mhudumu asubuhi ya pili Mkunguni, mbele ya ngome, anakunywa kahawa. Usigeuze uso. Salimu wewe kwanza.

Nikamsalimu, nikaketi, nikaagiza kahawa. Kidogo kidogo akaniambia: mpishi alikuwa ameondoka tangu Jumamosi, ana mgonjwa Faza, na aliyekuwa jikoni ni kijana wa juisi. Nikamuuliza kama mwenye hoteli alijua chakula kilikuwa hali ile. Akasema hajui, hakuwepo, na wiki nzima hakuna mteja hata mmoja aliyesema neno juu ya chakula. Wote walilipa, wakasema mashaallah, wakaenda zao.

"Na mpishi atarudi lini?"

"Alhamisi, inshaallah."

Ijumaa saa tatu asubuhi nikapiga simu, nikauliza kuna samaki gani.